Umenyimwa kibali cha kukata rufaa dhidi ya Serikali ya Uingereza: nani amekataa, na zimebaki siku ngapi?

Karatasi ya kunyimwa kibali huwa fupi: ukurasa mmoja au miwili, muhuri wa mahakama, na sababu za jaji katika aya chache. Wengi wakishaisoma huelewa jambo moja tu, kwamba Serikali imeshinda na mambo yamekwisha. Wapo pia wanaoamini kinyume chake, kwamba daima upo mlango mwingine, na hawaachi kugonga mpaka deni la gharama za kesi linawalemea. Pande zote mbili huumia kwa kosa lilelile: hawakuuliza aliyekataa ni jaji wa ngazi gani. Jibu la swali hilo ndilo litakalokuambia kama bado una njia, njia hiyo inapitia wapi, na una siku ngapi.

Ninayoyaeleza hapa ni ya England na Wales. Scotland na Ireland Kaskazini zina mahakama zake na kanuni zake. Nazungumzia kesi za madai dhidi ya Serikali, kwa mfano fidia ya kuzuiliwa kinyume cha sheria, uzembe wa idara ya umma, mikataba, pamoja na mapitio ya kimahakama ya maamuzi ya mawaziri. Rufaa za mabaraza ya uhamiaji na ya mafao zina taratibu na muda wake, usizichanganye na hizi. Kanuni zenyewe zimo katika Sehemu ya 52 ya Kanuni za Mwenendo wa Kesi za Madai, na zinasomwa bure mtandaoni. Zisome siku utakayoanza kuandika, kwa sababu hufanyiwa marekebisho kila mara.

Kibali ni cha nini

Karibu kila rufaa ya madai huhitaji kibali. Visivyokihitaji ni vichache: amri ya kumfunga mtu kwa kudharau mahakama, kukataliwa ombi la kumtoa mtu kizuizini linaloitwa habeas corpus, na amri ya kumweka mtoto mahali pa ulinzi chini ya Sheria ya Watoto ya 1989. Serikali nayo ikishindwa huomba kibali kama wewe, na kipimo ni kilekile.

Kwamba Serikali inashitakiwa kama mtu mwingine yeyote ni jambo lililowekwa na Sheria ya Mashauri ya Taji ya 1947. Wasomaji wa Kenya wanalijua hili kwa uchungu wake. Wazee wa Mau Mau walikwenda Mahakama Kuu ya London kuishitaki Wizara ya Mambo ya Nje, na mwaka 2013 Serikali ya Uingereza ikakubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa wadai 5,228. Kundi jingine la Wakenya zaidi ya 40,000 lilifuata, na mwaka 2018 jaji akayatupa madai yao kwa sababu ya muda. Aliona kwamba baada ya zaidi ya nusu karne haki isingeweza kutendeka, kwani mashahidi wamekufa na nyaraka zimepotea. Uamuzi wa namna hiyo, ambapo jaji amepima mambo na kuamua yapi yana uzito zaidi, ni mgumu sana kuutikisa kwenye rufaa. Nitaurudia chini, kwenye sababu za rufaa.

Hatua ya kwanza: tazama aliyekataa ni nani

Chukua amri uliyopewa usome jina la mahakama pale juu, halafu cheo cha jaji. Kisha tafuta hali yako katika hizi zinazofuata.

*Aliyekataa ni jaji yuleyule aliyetoa hukumu.* Hili lisikuvunje moyo hata kidogo. Jaji ameombwa aseme kwamba huenda amekosea, na si ajabu akisema hakukosea. Unayo haki ya kuomba upya kwenye mahakama inayofuata: kutoka kwa jaji wa wilaya wa Mahakama ya Kaunti kwenda kwa jaji wa mzunguko, kutoka kwa jaji wa mzunguko kwenda Mahakama Kuu, na kutoka kwa jaji wa Mahakama Kuu kwenda Mahakama ya Rufani. Mfano unaojulikana na wengi ni wa Mwanamfalme Harry. Alishindwa na Wizara ya Mambo ya Ndani katika Mahakama Kuu mwezi Februari 2024, kwenye kesi ya ulinzi wake wa polisi. Aprili Mahakama Kuu ikamnyima kibali. Baadaye mwaka huohuo Mahakama ya Rufani ikampa. Alishindwa rufaa yenyewe tarehe 2 Mei 2025, lakini alisikilizwa, na asingesikilizwa kama angeishia kwenye karatasi ya Aprili.

Muda wa kupeleka ombi ni siku 21, isipokuwa jaji amepanga muda mwingine. Hapa ndipo wengi wanapopotea. Siku hizo huhesabiwa tangu siku jaji alipotoa uamuzi, si tangu siku amri iliyoandikwa ilipokufikia. Mahakama ya Rufani ilisisitiza jambo hilo katika kesi ya McDonald dhidi ya Rose mwaka 2019. Amri inaweza kuchukua wiki mbili kufika kwa posta, na wiki hizo mbili ni zako zinazokwisha. Kama unahitaji muda wa kufikiri, mwombe jaji papo hapo, siku ya hukumu, aahirishe shauri ili maombi ya kibali yasikilizwe baadaye, na aongeze muda wa kupeleka notisi ya rufaa.

Jambo jingine: pande mbili haziwezi kukubaliana zenyewe kuongeza muda. Wakili wa Serikali akikuandikia kwa upole kwamba hana pingamizi ukichelewa kidogo, barua hiyo haikupi hata siku moja. Mwenye kuongeza muda ni mahakama peke yake.

*Aliyekataa ni jaji wa mzunguko au wa Mahakama Kuu, akiwa anaamua ombi lako la rufaa, na ameamua kwa kusoma karatasi tu.* Una nafasi moja zaidi, ya kuomba kibali kifikiriwe upya katika kikao utakachozungumza kwa mdomo. Ombi hilo lifike ndani ya siku 7 tangu ulipopelekewa taarifa ya kukataliwa. Siku za mwisho wa wiki zinahesabiwa. Siku ya mwisho ikiangukia wakati ofisi ya mahakama imefungwa, unaweza kupeleka siku inayofuata ofisi ikiwa wazi. Tunza bahasha na barua pepe iliyoleta amri, maana ndiyo ushahidi wako wa tarehe.

Nafasi hiyo hufungwa na sentensi moja. Tafuta katika amri maneno yanayosema ombi lako halina mashiko kabisa (kwa Kiingereza, totally without merit). Jaji akiliandika hilo kama tamko rasmi, anaweza kukuondolea haki ya kusikilizwa kwa mdomo, na njia ya kawaida inaishia hapo.

*Aliyekataa ni jaji wa ngazi hiyohiyo, baada ya kukusikiliza kwa mdomo.* Njia ya kawaida imekwisha. Kifungu cha 54 cha Sheria ya Upatikanaji wa Haki ya 1999 kinasema uamuzi wa kutoa au kunyima kibali haukatiwi rufaa. Ukipeleka karatasi Mahakama ya Rufani, zitarudishwa kwa kukosa mamlaka.

*Aliyekataa ni Mahakama ya Rufani.* Tangu Oktoba 2016 majaji wa mahakama hiyo huamua maombi ya kibali kwa karatasi. Haki ya kusikilizwa kwa mdomo haipo tena. Jaji anaweza kuagiza usikilizwe, na ni lazima aagize kama anaona ombi haliwezi kuamuliwa kwa haki bila kukusikiliza, lakini hiyo ni juu yake. Akikataa, amekataa. Huwezi kupanda kwenda Mahakama ya Juu Kabisa, ile iliyo mkabala na Bunge. Msimamo huu una umri mkubwa: Baraza la Malodi, lililokuwa mahakama ya juu kabisa enzi hizo, liliamua tangu 1891, katika kesi ya Lane dhidi ya Esdaile, kwamba kunyimwa kibali hakukatiwi rufaa. Sababu inaeleweka. Kama kila kukataliwa kibali kungekatiwa rufaa nyingine, kibali kisingekuwa na kazi.

*Mahakama ya Rufani ilikupa kibali, ikakusikiliza, ikakutupa.* Hii ni hali tofauti kabisa na iliyotangulia, na watu huzichanganya. Hapa unaweza kuomba kibali cha kwenda Mahakama ya Juu Kabisa. Kwanza unakiomba kwa Mahakama ya Rufani yenyewe, nayo ikikataa unapeleka ombi juu ndani ya siku 28. Ndiyo njia aliyopita Shamima Begum, aliyevuliwa uraia wa Uingereza mwaka 2019. Mahakama ya Rufani ilitupa rufaa yake Februari 2024, ikamnyima kibali Machi, na Agosti mwaka huo Mahakama ya Juu Kabisa nayo ikakataa. Kule juu kipimo kimebadilika. Haitoshi kwamba jaji alikosea. Lazima pawe na hoja ya kisheria yenye umuhimu kwa umma kwa jumla, na inayostahili kuamuliwa na mahakama hiyo kwa wakati huo. Kesi yenye dhuluma ya wazi, lakini isiyowahusu wengine, haipiti.

Hatua ya pili: soma sababu kabla hujaandika neno

Jaji wa kwanza akikataa, sababu zake kwa kawaida huandikwa kwenye fomu N460. Omba nakala kama hukupewa. Mahakama inayofuata itaanza kwa kusoma sababu hizo, kwa hiyo ombi lisilozijibu ni ombi linaloruka swali.

Kipimo kina milango miwili. Wa kwanza ni kwamba rufaa ina matumaini ya kweli ya kushinda. Kweli hapa maana yake si ya kufikirika tu. Huhitaji kuonyesha kwamba una uwezekano mkubwa kuliko Serikali, ila lazima pawe na kitu cha kushika. Wa pili ni kwamba ipo sababu nyingine nzito ya rufaa kusikilizwa, kwa mfano majaji wa Mahakama Kuu wanagongana kuhusu sheria ileile, na watu wengi wanasubiri jibu.

Kama hii ni rufaa ya pili, yaani uamuzi unaoupinga wenyewe ulitolewa kwenye rufaa, kipimo ni kikali zaidi. Mwenye kuamua ni Mahakama ya Rufani, na lazima matumaini ya kweli yaende pamoja na hoja muhimu ya kanuni au ya utaratibu, au pawe na sababu nyingine nzito.

Hatua ya tatu: sababu za rufaa

Kazi kubwa iko hapa, na hapa ndipo maombi mengi ya watu wasio na wakili hufia. Rufaa si kesi kusikilizwa upya. Mahakama inayofuata inauliza mambo mawili tu: je, uamuzi ulikuwa na kosa? Na kama hapana, je, utaratibu uliharibika kiasi cha kuufanya uamuzi usiwe wa haki? Ushahidi mpya haupokelewi bila amri, na kwa kawaida utaulizwa kwa nini haukupatikana kabla ya kesi, kama ungebadilisha matokeo, na kama unaaminika. Ni masharti yaliyowekwa katika Ladd dhidi ya Marshall, ya 1954.

Chukua mfano wa kubuni. Mama mmoja amezuiliwa miezi mitano na Wizara ya Mambo ya Ndani akisubiri kurudishwa kwao, kisha ameachiwa. Amedai fidia, ameshindwa. Mtu akiandika sababu za rufaa kwa hasira ataandika hivi: jaji hakuniamini mimi, alimwamini ofisa wa Serikali, na ofisa alisema uongo. Naelewa kwa nini anaandika hivyo, maana ndilo lililomuuma. Lakini jaji aliyeona mashahidi kwa macho yake ana nafasi ambayo majaji wa rufaa hawana, na ni nadra mno wao kuingilia nani aaminike. Sababu hiyo itakataliwa kwa sentensi mbili.

Sasa isome hukumu tena ukitafuta sheria. Pengine aya ya 47 inasema mdai ameshindwa kuthibitisha kwamba kuzuiliwa kwake hakukuwa halali. Simama hapo. Katika madai ya kuzuiliwa, mdai anathibitisha kwamba alizuiliwa, basi. Wajibu wa kuonyesha uhalali ni wa aliyezuia. Kama jaji ameugeuza mzigo huo, una kosa la kisheria, na sababu yako inakuwa hivi: "Katika aya ya 47 jaji alimtwika mdai wajibu wa kuthibitisha kwamba kuzuiliwa hakukuwa halali. Wajibu huo ni wa Waziri." Mistari miwili, ina namba ya aya, na jaji wa rufaa anaweza kuihakiki kwa dakika tano. Endelea kutafuta. Je, jaji alijiuliza kama kurudishwa kwake kungewezekana ndani ya muda wa maana, kama kesi ya Hardial Singh inavyotaka? Kama aliruka swali hilo, umepata sababu ya pili. Je, wizara ilifuata sera ya siri inayopingana na ile iliyotangazwa? Kesi ya Lumba ya 2011 inasema kuzuia kwa namna hiyo ni kosa hata kama mtu angezuiliwa vilevile kwa sera halali, ila fidia inaweza kuwa ya jina tu. Hilo la mwisho lipime kwa makini: unaweza kushinda rufaa, ukapata pauni moja.

Hukumu zinazotegemea hiari ya jaji, kama ile ya muda ya mwaka 2018, zishambuliwe kwa namna yake. Usiseme jaji alipaswa kupima tofauti. Onyesha alichoacha kabisa kukiangalia, au alichokiangalia wakati sheria haimruhusu, au kwamba matokeo yako nje ya yale ambayo jaji yeyote makini angeweza kuyafikia.

Nashauri sababu mbili au tatu. Sababu kumi na nne hazimwonyeshi jaji kwamba umeonewa mara kumi na nne. Zinamwonyesha kwamba hata wewe hujui ipi ni ya kweli. Ukiwa na moja yenye nguvu, itangulize peke yake, na zile za uchungu ziache nje. Najua ni kazi ngumu kuliko zote kwa mtu aliyedhulumiwa, kuyaacha nje yaliyomuumiza zaidi.

Hatua ya nne: karatasi

Fomu ni N161, au N164 kwa madai madogo. Ambatanisha amri unayoipinga yenye muhuri, amri iliyokunyima kibali pamoja na sababu zake, sababu za rufaa kwenye karatasi ya pekee, muhtasari wa hoja, na hukumu yenyewe. Kama hukumu ilisomwa tu mahakamani bila kuandikwa, unahitaji nakala iliyopigwa chapa kutoka kwenye kinasa sauti, nayo huombwa kwa fomu EX107. Ni ghali. Usiye na uwezo jaza EX105 uombe igharamiwe na umma, na EX160 uombe kupunguziwa au kusamehewa ada ya mahakama. Zote ziombe siku za mwanzo kabisa. Nakala ikichelewa, peleka notisi ya rufaa ndani ya muda na ueleze kwamba nakala imeombwa lini. Kusubiri nakala hadi muda upite ni kosa lisilo na sababu.

Katika Mahakama ya Rufani muhtasari wa hoja usizidi kurasa 25, herufi za ukubwa wa 12, nafasi ya mstari mmoja na nusu. Usione ukomo huo kama lengo. Kurasa nane zinazojibu sababu za kukataliwa zinatosha kwa kesi nyingi.

Baada ya kupokelewa mahakamani, mpelekee mjibu rufaa nakala haraka, isizidi siku 7. Kwa wizara nyingi mpokeaji ni Idara ya Sheria ya Serikali, ileile iliyokuwa inakuandikia wakati wa kesi. Tumia anuani iliyo kwenye barua yao ya mwisho pamoja na namba yao ya kumbukumbu.

Ukiwa umechelewa, ombi la kuongezewa muda huandikwa ndani ya N161 yenyewe. Mahakama itauliza ukubwa wa kuchelewa, sababu yake, na hali nzima ya shauri, kwa kufuata kesi ya Denton ya 2014. Usijenge ombi lako juu ya kutokuwa na wakili au kukosa fedha. Mwaka huohuo, katika kesi ya Hysaj dhidi ya Wizara ya Mambo ya Ndani, Mahakama ya Rufani ilisema mambo hayo kwa kawaida si sababu nzuri ya kuchelewa. Ilisema pia kwamba idara za Serikali nazo hazina upendeleo zikichelewa, nawe una haki ya kulikumbusha hilo. Ugonjwa wenye cheti cha daktari, au amri iliyotumwa anuani isiyo yako, ni mambo ya kuelezwa siku kwa siku.

Kumbuka pia kwamba kupeleka rufaa hakusimamishi hukumu. Ukiamriwa kulipa gharama, kwa kawaida ni ndani ya siku 14, na saa inaendelea kutembea. Kama unataka utekelezaji usimame, omba kwa maneno katika fomu hiyohiyo, useme madhara yatakayokupata.

Hatua ya tano: ukipata nafasi ya kusema kwa mdomo

Kikao cha kufikiria upya kibali ni kifupi, na mara nyingi Serikali haitakiwi hata kuhudhuria. Jaji ameshasoma. Anza na sababu ya kukataliwa iliyo nzito zaidi, isome, kisha sema kwa nini haitoshi, ukitaja ukurasa. Akikuuliza swali, lijibu hilo kwanza, hata kama linavuruga mpangilio wako. Unaweza kuomba ruhusa ya kuwa na mtu wa kukaa kando yako, kukuandikia na kukunong'oneza, bila yeye kuzungumza mbele ya jaji. Kama Kiingereza cha mahakamani kinakupiga chenga, iarifu mahakama mapema kwamba unahitaji mkalimani wa Kiswahili, wala usimtegemee mtoto au jamaa. Shirika la Support Through Court huwasaidia wasio na wakili kwa mambo ya fomu na kuwasindikiza, na Advocate huwatafutia wengine wakili wa kujitolea. Waandikie siku ileile unayopokea amri, maana nao wanahitaji muda.

Kama ulichonyimwa ni kibali cha mapitio ya kimahakama

Hapa hujafika kwenye rufaa bado. Umenyimwa kibali cha kufungua shauri lenyewe la kupinga uamuzi wa waziri au idara. Ukikataliwa kwa karatasi, unaomba kusikilizwa kwa mdomo ndani ya siku 7, kwa fomu 86B. Jaji akiwa ameandika kwamba ombi halina mashiko kabisa, kikao hicho hakipo, na unakwenda moja kwa moja Mahakama ya Rufani. Ukikataliwa kwenye kikao, unakwenda hukohuko. Katika hali zote mbili muda ni siku 7, si 21. Nalirudia kwa sababu nimeona watu wenye hoja nzuri wakiondoka mikono mitupu kwa kuhesabu siku za rufaa ya kawaida. Mahakama ya Rufani ikikubaliana nawe, inaweza kutoa yenyewe kibali cha mapitio, na shauri kwa kawaida hurudi Mahakama Kuu kusikilizwa.

Kwa walionyimwa kibali na Baraza la Juu la rufaa za uhamiaji: tangu 2022 mlango wa kulipinga kwa mapitio ya kimahakama umefungwa karibu wote.

Barabara inapoishia

Baada ya kukataliwa kwa mwisho hubaki mambo machache. Kanuni ya 52.30 inaruhusu Mahakama ya Rufani na Mahakama Kuu kufungua tena uamuzi wa mwisho, ukiwemo wa kunyima kibali, pale tu inapolazimu ili kuepuka dhuluma halisi, hali ikiwa ya kipekee, na pasipo njia nyingine. Mamlaka hiyo ilitambuliwa katika Taylor dhidi ya Lawrence mwaka 2002. Inahusu mambo kama jaji kuwa na maslahi yaliyofichika, au udanganyifu ulioharibu mwenendo wenyewe. Hoja kwamba jaji alikosea haitoshi, hata ikiwa kweli alikosea. Huna haki ya kusikilizwa kwa mdomo, na uamuzi wake haukatiwi rufaa.

Kabla ya kujaribu hilo, tafakari gharama. Maombi mawili au zaidi yakitangazwa kuwa hayana mashiko kabisa, mahakama inaweza kukuwekea amri ya kukuzuia kupeleka maombi mengine bila idhini ya jaji. Ukiona umefika hapa, andikia Idara ya Sheria ya Serikali kuhusu deni la gharama, ueleze kipato chako, na uombe kulipa kidogo kidogo. Barua kama hiyo inaweza kukuepusha na hatua za kukazia deni.

Kama haki iliyovunjwa ni ya Mkataba wa Ulaya wa Haki za Binadamu, unaweza kupeleka malalamiko Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu kule Strasbourg, kama mawakili wa Begum walivyofanya. Hiyo si rufaa na haifuti hukumu ya London. Lazima uwe umemaliza njia zote za ndani, na uwe umeitaja haki hiyo, walau kwa maana yake, mbele ya majaji wa hapa. Tangu Februari 2022 muda ni miezi minne tangu uamuzi wa mwisho wa ndani, ambapo zamani ilikuwa sita. Ombi la 52.30 lililokataliwa lisikudanganye kwamba miezi hiyo inaanza upya. Fomu ya Strasbourg hutumwa kwa posta, lazima ijazwe kila sehemu na nyaraka zote ziwe ndani. Ikirudishwa kwa upungufu, muda hausimami kukusubiri, kwa hiyo itume mapema vya kutosha kuweza kuituma tena, na tunza risiti ya posta yenye tarehe.